Muulize Shangazi: Pampasi ya mzee tuiiteje?

Wapenzi wasomaji, mwezi huu barua nne zimenijia zikizunguka kitu kimoja, nepi, na sikuzipanga zilikuja zenyewe, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Niseme mapema kwamba mi nilifanya kazi ya unesi miaka mingi, wodi ya wazazi kwanza alafu wodi ya wanaume, na baadaye nikamuuguza mama yangu hapa Bombo, Uganda, mpaka Mungu alipomchukua. Hii habari sikuisikia kwa watu.

*

Shangazi habari za saa hizi. Nina duka la vitu vya watoto Arua mjini. Wateja wangu ni mchanganyiko, kuna Walugbara, Wanubi, Wakongo wanaovuka kutoka Ariwara na ndugu zetu wa Sudan Kusini, kwa hiyo Kiswahili ndo kinatuunganisha. Nataka kuandika ubao wa nje lakini kila mtu ananiambia neno lake, huyu nepi, huyu pampasi, huyu kushi, na mzee mmoja wa pwani akaniambia andika winda. Sasa nimeleta na za watu wazima, nikaandika PAMPASI ZA WAZEE, watu wanasoma wanacheka na mwenye shida anapita tu, hasimami. Niandike nini?
Mwenye duka, Arua

Ndugu yangu mwenye duka, umeniuliza swali zuri kweli na nakupongeza kwa kuona huyo anayepita bila kusimama, wengi wangeona wanaocheka tu.

Tuanze na maneno. Nepi tuliipata kwa Waingereza, kwao ni kifupi cha neno la kitambaa cha mezani, kile cha kufutia mikono, ndo maana hata sisi tukisema nepi kichwani inakuja kitambaa cheupe cha pamba au cha taulo, kinakunjwa pembetatu na kufungwa kwa pini. Pampasi ni jina la bidhaa ya kampuni moja, Pampers ya Marekani ilianza kuuzwa 1961 katika mji wa Peoria, na ilivyofika huku ikafanya kama Colgate, mtu anaingia dukani anaomba Colgate na hajali ni dawa ya meno ya nani. Kwa hiyo pampasi kwetu ni ile ya kuvaa na kutupa, nepi ni ya kufua, na mteja wa kawaida anaitenganisha hivyo hata kama kamusi haisemi. Kushi ni Kifaransa cha ndugu zetu Wakongo, vilevile chupa ya maziwa wao watakuuliza bibero, usishangae, mpe.

Sasa huyo mzee wa pwani msikilize vizuri. Winda ni neno la zamani kuliko yote hayo. Ni nguo inayopitishwa katikati ya miguu na kukazwa kiunoni, na waliokuwa wakipiga winda si watoto tu, ni wanaume wazima, mvuvi akiingia majini, mtu akitaka kufanya kazi nguo isimsumbue miguuni. Mi nikilifikiria hilo nafurahi sana. Ina maana kabla ya pampasi kuja, Kiswahili kilikuwa na neno moja la nguo hiyo kwa mtoto na kwa baba yake na hakuna aliyecheka, aibu tumeiokota baadaye njiani.

Kwa ubao wa watoto andika hivi tu: nepi na pampasi, chupa za maziwa, chuchu bandia, mbeleko, beseni, poti, poda, jeli ya kupaka, vitambaa vya kupangusa, vyandarua vya watoto. Mbeleko iandike bila woga, ndo hiyo nguo ya kubebea mgongoni, hata kama huku kwetu wengi wanaita tu leso ya kubeba. Ila neno susu liangalie. Kwenye Kiswahili cha pwani susu ni kile kitu cha kuning'iniza, watu wanawekea vyakula na hata mtoto analazwa, lakini hapa Uganda na hata Kenya mtoto akisema susu anataka kukojoa. Ukiandika SUSU ZA WATOTO ZINAPATIKANA utaeleza mpaka jioni.

Za watu wazima usiziweke kwenye ubao huo kabisa. Tengeneza kona nyingine, iandike VIFAA VYA KUUGUZIA NYUMBANI, pale weka glavu, pamba, makintoshi, chombo cha haja cha kitandani, alafu katikati yake NEPI ZA WATU WAZIMA na saizi zake, midiamu, laji. Makintoshi yenyewe ni jina la mtu, Charles Macintosh wa Scotland, alisajili kitambaa chake kisichopitisha maji mwaka 1823, na sisi mpaka leo tunatandika jina lake kitandani na kwenda nalo hospitali kujifungua. Alafu mteja akiuliza usipaze sauti "unataka za mzee?" mbele ya watu, mwulize saizi na idadi basi. Na usidhani ni biashara ndogo, Japani kampuni inayoitwa Oji ilitangaza 2024 kwamba inaacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la huko na kukaza kwenye za watu wazima, kwa sababu watoto wanaozaliwa ni wachache na wazee ni wengi. Sisi hapa bado tuna watoto tele lakini wazee tunao pia, wamekaa ndani tu hatuwaoni.

*

Shangazi, baba yetu alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia hauna nguvu na mkojo unamtoka. Alikuwa dereva wa lori njia ya Mombasa mpaka Juba, mtu mkali na msafi. Dada zangu wanamuuguza vizuri kabisa siwezi kuwasema vibaya, lakini wanamwita bebi, wanamwambia "bebi leta matako tubadilishe", wanamsifu akikojoa, na yeye sasa ameanza kugoma, anavua pampasi anaitupa chini, anafunga mdomo akiletewa chai. Dada wanasema amerudi utotoni. Ni kweli mtu anarudi utotoni? Tufanyeje?
Kijana wake, Jinja

Mwanangu, hapana, baba yako hajarudi mahali popote. Kiharusi kimekata waya kati ya kichwa na kibofu, basi, ule ujumbe wa "nimejaa" haufiki au unafika umechelewa. Akili ya yule dereva wa Juba bado imo mle ndani na inasikia kila neno, na ndo maana anagoma. Kugoma kwake mi naona ni afya.

Nitakwambia kosa nililofanya mwenyewe na mama yangu. Asubuhi moja naingia chumbani kwake nakuta shuka limelowa, ameketi ukingoni mwa kitanda kashika kikombe kitupu, ananiambia mwanangu chai imenimwagikia. Chai ilikuwa haijapikwa. Na mi, nesi mzima, niliyewafundisha wasichana kibao kazi, nikamjibu kwa sauti ya furaha mama usijali, nitakuletea pampasi kama za mjukuu wako. Mjukuu alikuwa na miezi minane. Mama hakusema kitu, alilala akageukia ukutani, na siku mbili hakunywa maji. Alikuwa anajinyima ili asikojoe. Siku ya tatu mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka sana na homa ikapanda, tukampeleka hospitali, ikawa ni infekshoni, na daktari kijana pale ananieleza mi umuhimu wa maji huku naangalia chini.

Tuliporudi sikutamka tena hilo neno. Nilinunua pakiti, nikazitoa kwenye ile karatasi yenye picha, nikazikunja ndani ya leso mpya na kuziweka kwenye sanduku lake pamoja na nguo zake za ndani, nikamwambia mama zipo hapo, ukizitaka. Wiki mbili zikapita, hakuzigusa. Alafu kukawa na harusi ya ndugu Arua, safari ndefu ile ya basi, usiku wake akaniita akasema nipe ile nguo ya safari. Alivaa mwenyewe, mi nilishika bega tu asianguke, tukapita Luweero, tukavuka daraja la Karuma nyani wamekaa kando ya barabara, mama anacheka nao dirishani hana wasiwasi wowote. Kuanzia siku hiyo mpaka mwisho nyumbani kwetu iliitwa nguo ya safari na jina alilitoa yeye.

Kwa hiyo la kwanza kaeni na mzee mkiwa mmeketi chini yake, si mmesimama juu ya kitanda, mwulize baba hii kitu tuiiteje. Dereva hakosi neno. Pili badilisheni lugha, msiseme susu msiseme kojo, semeni haja ndogo, haja kubwa, kujisaidia, "baba tukusaidie kubadilisha?" na msubiri ajibu hata kama ulimi wake ni mzito, anajibu kwa jicho, kwa kidole. Na msimsifu. Mtoto anasifiwa kwa sababu ni jambo jipya kwake, mzee amelifanya miaka sabini.

Wadogo zangu wa unesi hili lina jina kwenye vitabu, infantilizesheni, kumfanya mtu mzima kuwa mtoto kwa maneno na vitendo, na anayefanya mara nyingi anafanya kwa mapenzi kabisa kama hao dada zako. Waambie polepole, usiwagombeze, mikono yao ndo inafanya kazi ngumu na wewe hujasema unabadilisha mara ngapi kwa wiki.

Mambo ya kazi yenyewe nitayapitia haraka. Mpelekeni haja kila baada ya saa mbili tatu kabla hajalowa, wapo wanaopata nafuu baada ya kiharusi kwa njia hiyo. Nepi ikilowa ibadilishwe, msingoje ijae, asafishwe kwa maji na akaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, apakwe jeli au ile krimu nyeupe ya zinki, na kila mara angalieni mkia wa mgongo na visigino kama kuna wekundu usioondoka. Hizi za kisasa ndani zina chembechembe ambazo zikipata mkojo zinakuwa kama jeli na kuushika, zilianza kuwekwa kwenye nepi miaka ya 1980, ndo maana unaweza kuigusa juu ukadhani ni kavu kumbe imebeba nusu lita, ipime kwa uzito mkononi. Kavera, ule mfuko wa plastiki, msimfunge, nimeona watu wanafunga kavera juu ya kitambaa ili kuokoa shuka, ngozi inaiva ndani mle kama imepikwa. Na kama pesa hazitoshi za kutupa, na kwa wengi hazitoshi, taulo la pamba la kufua linafaa kabisa, likaukie juani na mlipige pasi pande zote mbili, si kwa urembo, ni kwa ajili ya yule nzi wa maembe anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake kuingia kwenye ngozi. Tunapigia pasi nepi za watoto kwa sababu hiyo, za baba nazo ni hivyohivyo. Zile za kutupa msizitumbukize chooni, shimo linajaa kabla ya wakati.

Maji anywe. Chai yake pia.

*

Shangazi naomba usitaje wilaya yangu. Mimi ni mwanaume wa miaka 27, nina kazi, na mwakani natarajia kuoa. Tangu zamani nikiwa na mawazo mengi usiku navaa nepi, nashika blanketi nalala, naamka nimetulia. Sina ugonjwa wa kukojoa. Majuzi nimesoma kwenye simu nikakuta kuna neno lake, infantilizimu ya watu wazima, na kuna watu dunia nzima, lakini nikaogopa nikaacha kusoma. Je mimi ni kichaa? Je mimi ni hatari kwa watoto? Huyo msichana nimwambie?
Naomba jina lisitajwe

Mwanangu, kwanza umefanya vizuri kuandika, na hiyo barua nimeisoma mi peke yangu nikaichana.

Nitakujibu lile swali linalokunyima usingizi kwanza. Mtu mzima anayependa kuvaa kama mtoto na mtu mzima anayetamani watoto ni vitu viwili tofauti kabisa, yule wa kwanza anajitaka yeye mwenyewe awe mdogo, hataki mtoto yeyote karibu. Huyo wa pili ni mhalifu akigusa mtoto, na kama siku moja utaona fikra zako zinaelekea kwa mtoto wa kweli basi usisubiri hata kesho kumwona daktari, lakini kwa ulivyoeleza hilo halimo kwenye barua yako.

Neno lenyewe linachanganya watu kwa sababu lina maana kadhaa. Zamani madaktari waliita infantilizimu pale mwili wa mtu ulipokataa kukua, kijana wa miaka ishirini na umbo la mtoto, hiyo ilikuwa habari ya mwili tu. Baadaye wakalitumia kwa mambo ya nafsi, mtu mzima anayetafuta nepi, chupa, chuchu bandia, kulelewa kama kichanga. Kuna ambao mapenzi ya kimwili yamo ndani yake na kuna ambao ni utulivu tu, wengine wanataka nepi peke yake bila kulelewa, wengine kulelewa ndo jambo. Wenyewe wanatumia herufi ABDL kwa wote hao, ni kifupi cha Kiingereza adult baby na diaper lover, yaani mtu mzima mtoto na mpenda nepi. Na kile kitabu kikubwa cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, kiliweka mstari ambao mi nauona wa haki, kwamba hamu isiyo ya kawaida si ugonjwa kwa kuwa tu si ya kawaida, inakuwa ugonjwa pale inapomtesa mwenyewe au kuharibu maisha yake, au inapomdhuru mtu mwingine au kumwingiza asiyekubali. Kwa hiyo kichaa, hapana.

Nikulete kwenye jambo ambalo nimelibeba tangu nilipolijua. Hilo neno la Wazungu limetoka kwenye Kilatini, infans, na maana yake ni asiyesema, mtu ambaye bado hana maneno. Kiswahili kinasema mtoto mchanga, changa kama embe changa, kama mahindi machanga, bado hajakomaa tu. Barua yako ndefu yote, ukurasa na nusu, mi niliona ni mtu aliyechoka kukosa maneno, unafunga mlango unavaa unalala ili usiku mmoja usidaiwe kusema chochote. Sijui mchana wako unabebaje, hukuandika, lakini hapo ndo ningependa uangalie. Nepi inakutuliza kutokana na nini? Kama ni msongo wa kazi au jambo la utotoni lililokuumiza, mshauri wa mambo ya akili atakusaidia, hata Butabika, hospitali ya akili pale Kampala, siku hizi watu wanaenda kuzungumza na kurudi kazini kwao, si wale wa kufungiwa tu kama zamani tulivyotishwa. Kama ni starehe yako ya faragha na haikudhuru basi iache ikae faragha, usiifanye mbele ya mtu ambaye hajakubali, na watoto wa nyumbani wasiione wala vitu vyao usiviguse.

Kuhusu mchumba. Mwambie kabla ya ndoa, si baada, na si siku ya kwanza ya kumpeleka kwa wazazi. Mwambie kama ulivyoniandikia mimi, maneno yaleyale, ninapokuwa na mawazo mengi usiku nafanya hivi na ninatulia. Usimwombe ashiriki, usimwombe awe mama yako. Mpe nafasi aulize na aondoke akitaka kuondoka, itauma, lakini mwanamke anayefungua sanduku na kukuta pakiti mwaka wa tatu wa ndoa hatafikiria utulivu, atafikiria kitu kibaya zaidi. Huku Buganda binti ana ssenga, yaani shangazi yake, wa kumwambia siri za nyumba, wewe mwanaume huna, na mi naona hilo ni pengo kubwa la mila zetu, nyie mnaachwa mjifunze wenyewe gizani.

*

Shangazi mi ni mama wa watoto wanne, Mbale. Tangu huyu wa mwisho nikikohoa au nikicheka mkojo unatoka, naweka pampasi ya mtoto ndani ya chupi. Jirani anasema ni kawaida ya kuzaa nizoee.

Dada yangu, ni jambo la wengi lakini usilizoee. Misuli ya chini iliyobeba kibofu imelegea na inarudi kwa mazoezi, kaza kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, mara kumi asubuhi mchana na jioni kwa miezi mitatu, hata ukiwa unamenya matoke. Daktari Mmarekani Arnold Kegel ndo aliyeyaandika 1948 na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake.

Lakini kama mkojo unatoka muda wote, umelala umeamka, bila kukohoa, na uzazi wako ulikuwa wa uchungu wa siku nzima au mbili, hiyo ni habari nyingine, huenda kichwa cha mtoto kilikandamiza kibofu mpaka pakatoboka, inaitwa fistula na inashonwa. Haupo mbali na Soroti, kuna hospitali ya Terrewode ilifunguliwa 2019 kwa ajili ya wanawake wenye shida hiyo hasa. Mazoezi hayazibi tundu.

Ukifika kituo cha afya usiseme "nina shida ya kike" wala "naumwa huku chini", watakupa vidonge urudi nyumbani. Sema: mkojo unanitoka bila mimi kutaka, ulianza tangu nilipojifungua mwezi fulani, unatoka nikikohoa, au unatoka muda wote. Sema hivyo hata kama foleni inasikia, na waombe wakupime.